Maua ya Kandokando ya Ziwa: Tujue Rafiki na Adui



Ndugu zangu wa vikundi, leo kabla ya kukaa mkutanoni tumetembea kutoka ufuoni hadi mashambani tukitazama maua. Wengine mlicheka, mkasema maua ni mambo ya watalii. Lakini maua haya yanahusu chakula chetu.

Kwanza, lile la zambarau lililotanda majini ni gugumaji. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Linapendeza macho, lakini hufunga njia ya mitumbwi, na konokono wa kichocho hujificha humo. Mwaka 1997 wadudu wanaolila waliachiliwa upande wetu wa Kenya. Walisaidia, lakini gugu hurudi, maana mbegu zake hukaa matopeni miaka mingi. Kwa hiyo mtu asichukue hata shina moja kupamba bwawa lake.

Pili, lile la njano linalofanana na alizeti, kwenye mipaka ya mashamba, ni tithonia. Huyu ni rafiki. Watafiti huko Maseno walilichunguza miaka ya 1990 wakaona majani yake mabichi ni mbolea nzuri. Kata majani na matawi laini, katakata, fukia shambani wakati wa kupanda. Gharama yake ni panga na jasho tu.

Tatu, kile kiua cha waridi kati ya mahindi. Mama mmoja ameniuliza, "Nimepalilia, mvua imenyesha, mbona mahindi yangu yamedumaa?" Mama, jibu ni hilo ua: kayongo. Hunyonya mizizi ya mahindi, mtama na wimbi chini kwa chini, kabla hatujaliona. Likichanua, hasara ya msimu huu imekwisha kuingia. Hata hivyo ling'oe! Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu, nazo zaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Ukiling'oa kabla ya mbegu kukomaa, unaokoa mahindi ya watoto wako miaka ijayo. Likaushe, ulichome, usiwape ng'ombe, maana mbegu zitarudi shambani na samadi. Pia pandeni desmodiamu kati ya mistari ya mahindi; icipe pale Mbita wameonyesha kwamba huzuia kayongo.

Sasa, jamani, mtu mmoja hawezi. Wewe ukisafisha shamba lako na jirani akiacha lake, mbegu huja na upepo, maji na kwato za ng'ombe. Ndiyo maana tuna vikundi. Naomba kila kikundi kipange siku ya kung'oa, shamba kwa shamba, tukianza na wajane na wazee wasio na nguvu. Watoto nao wafundishwe kulitambua ua hili.

Katika Injili magugu yaliachwa hadi mavuno. Kayongo isingoje mavuno. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.