Baiskeli Ipi Itakufaa?

Natumaini mmekwisha kukaa, na mwalimu wenu ameshika chaki. Leo nataka kusema nanyi habari za kununua baiskeli. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: NJIA, MZIGO, MIGUU. Someni pamoja. Haya, tuanze.

Mkulima wa Mbozi akiisha kuuza kahawa yake huenda dukani na fedha mkononi. Anakuta baiskeli zimepangwa, zinang'aa. Moja nyekundu ina gia nyingi, na springi mbele na nyuma. Mwenye duka anaisifu, na jirani anayo kama hiyo. Basi mkulima analipa, anaondoka nayo. Siku ya kwanza anafunga gunia la mahindi nyuma, keria inapinda na springi inalala. Fedha ya msimu mzima imeegemezwa ukutani!

Baiskeli ile si mbaya. Imetengenezwa kwa mtu asiye na mzigo, apitaye njia za mawe kwa mchezo. Huko nchi za theluji watu huteleza milimani wakisimama juu ya ubao, nao huchagua vivyo hivyo: apendaye kurukaruka huchukua ubao mfupi unaopindika, apendaye mbio huchukua mrefu na mgumu. Wao ni mchezo tu. Sisi ni chakula cha nyumbani, kwa hiyo tuchague kwa uangalifu zaidi.

Tazameni neno la kwanza, NJIA. Mkoa wetu wa Songwe ulikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na njia zake hazifanani hata kidogo. Barabara kuu ya lami hupita Mlowo na Vwawa, hufika Tunduma, kisha huvuka mpaka kuingia Nakonde, nchi ya Zambia. Ileje ni milima. Momba, ukishuka upande wa Kamsamba na Ziwa Rukwa, ni bonde lenye joto na mchanga.

Ukipita zaidi juu ya lami, tairi jembamba lililojaa upepo huenda kwa wepesi. Baiskeli nyeusi ya magurudumu ya inchi 28, kama zile za Phoenix kutoka China, yakufaa. Ukipita mchangani, tairi jembamba litazama. Tafuta pana, wala usilijaze upepo mpaka liwe kama jiwe.

Kwa mtu wa milimani gia ni msaada, lakini fahamu kazi yake. Gia haikupi nguvu mpya. Hufanya pedali ziwe nyepesi, nawe huzizungusha mara nyingi zaidi na kwenda polepole. Tena gia haipendi matope na vumbi. Kabla ya kulipa, nenda kwa fundi wa kijijini kwenu umwulize, "Hii ikiharibika, kifaa chake unacho?" Akikuna kichwa, umekwisha kujibiwa.

Sasa breki, nami hapa nitakaa kidogo, maana ndizo zinazoua watu. Kupanda mlima ukichoka utashuka usukume. Kuteremka na gunia nyuma si hivyo. Ziko breki za vyuma virefu, zinazovuta mpira ugusane na rimu. Ziko za waya, zinazobana rimu pande mbili. Ziko pia za kurudisha pedali nyuma, ambazo hukaa ndani ya gurudumu la nyuma. Hizi za mwisho hazijali mvua, lakini mnyororo ukitoka, breki hiyo imekwenda nao; na kwenye mteremko mrefu hupata moto. Usikubali baiskeli yenye breki moja tu. Breki za rimu nazo zina adui, nayo ni maji. Rimu ya chuma cheupe ikilowa huteleza, breki hushika kwa kuchelewa. Siku ya mvua anza kufunga breki mapema, na mteremko ukiwa mkali, shuka utembee.

Neno la pili, MZIGO. Gunia la mahindi la kilo 100 ni zito kuliko watu wengi. Uzito huo hukaa juu ya gurudumu la nyuma. Kwa hiyo tazama nyuma kwanza: keria ya chuma kinene, iliyofungwa kwa nati chini karibu na mhimili, na spoku nene. Shika spoku mbili mbili, uzibane kwa vidole. Zote zikaze sawasawa. Inua gurudumu ulizungushe. Likiyumba mbele ya mpira wa breki, halijanyooka. Kama baiskeli ni ya mkononi, chunguza maungio ya fremu. Rangi mpya mahali pamoja tu hunitia shaka, kwani huenda yaficha ufa.

Wanaobeba mizigo pale Tunduma wapita kando ya malori marefu yanayongoja kuvuka. Mzigo usitokeze mno pembeni. Nyuma pawe na kioo chekundu kinachorudisha mwanga, na usiku uwashe taa. Dereva wa lori hawezi kukuhurumia kama hajakuona.

Neno la mwisho, MIGUU. Simama umepanda juu ya bomba la fremu, nyayo zote chini. Vidole vitatu vipite kati yako na bomba. Kisha kaa kitini, mwenzako akushikie baiskeli, uweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukipindika sana, inua kiti; usipofika, kishushe. Kiti kikiwa chini mno magoti yatauma kabla hujafika shambani. Akina mama wavaao kanga au kitenge hupenda fremu isiyo na bomba la juu. Ni rahisi kupanda, ila kwa magunia mazito fremu yenye bomba ndiyo imara.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja aandike katika daftari lake sentensi tatu: njia ninayopita, mzigo ninaobeba, na baiskeli ningeyonunua. Wenye baiskeli wazilete darasani, mwalimu na wanafunzi wapime viti na kuzungusha magurudumu pamoja. Kwaherini.