Zamu ya Mwenye Kifafa: Kipimo cha Kukubalika katika Jumuiya Ndogo Ndogo



Kuanzia mitaa ya Morogoro mjini hadi Matombo na Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru, Wakatoliki hukutana kusali nyumbani kwa mwenzao. Hizo ndizo Jumuiya Ndogo Ndogo ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976. Hakuna anayefukuzwa mlangoni. Hata hivyo, mtu anaweza kutengwa bila neno kusemwa: zamu ya sala ikairuka nyumba yake, somo akapewa mwingine, kikombe chake kikawekwa kando. Hoja yangu ni kwamba kukubalika hupimwa kwa zamu, si kwa salamu, na kipimo kikali kuliko vyote ni mwenye kifafa.

Historia yetu wenyewe inatudai katika hili. Injili ililetwa huku na Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, Mhonda mwaka 1877, Morogoro mwaka 1882 na Matombo mwaka 1897. François Libermann, anayehesabiwa mwanzilishi wa pili wa shirika hilo, alikuwa Myahudi aliyebatizwa mwaka 1826. Alipoikaribia daraja, kifafa kilimwangusha, na upadrisho wake ukasubiri hadi mwaka 1841. Kumbe katika miaka hiyo hakuachwa akae bure. Alibaki seminarini Issy, karibu na Paris, akitumwa kazi za nyumba. Mwaka 1837 akakabidhiwa malezi ya wanovisi mjini Rennes. Alipewa kazi kabla ya kupewa daraja. Sheria ya Kanisa nayo haikusimama pale pale: Kodeksi ya mwaka 1917 ilikitaja kifafa miongoni mwa vizuizi vya upadre, pamoja na kupagawa na pepo; ile ya mwaka 1983 haikitaji tena.

Wapo watakaosema kifafa ni laana, au huambukiza kwa mate. Hofu hiyo tunaifahamu vizuri mkoani kwetu. Huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa takriban mwaka 1960, aliwakuta wagonjwa wakila peke yao, wengine wakiwa na makovu ya moto kwa sababu watu waliogopa kuwagusa walipoangukia motoni. Dawa ziliwapunguzia wengi degedege, na utafiti wa baadaye ukahusisha kifafa cha eneo hilo na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi weusi wa mitoni. Laana haipungui kwa vidonge. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, Yesu alikataa kutafuta mwenye dhambi nyuma ya upofu wa mtu. Nasi hatuna ruhusa ya kumtafuta nyuma ya kifafa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: ugonjwa si dhambi, basi je, tumpokee vivyo hivyo mlevi, au wanaoishi bila ndoa ya Kanisa? Hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Kumpokea mtu si kuidhinisha kila alitendalo. Anayezuiwa Komunyo hajazuiwa mkeka wa jumuiya, wala kutembelea wagonjwa, wala kutembelewa akiugua. Libermann alisubiri daraja akiwa ndani, hakusubiri nje. Anayesukumwa nje mpaka atengemae hana wa kumshika mkono akitengemaa.

Naomba, basi, kila kiongozi wa jumuiya akirudi nyumbani alifungue daftari la zamu na kutazama ni nyumba zipi zimerukwa. Mwenye kifafa apangiwe siku yake kama wengine. Akianguka katikati ya sala, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimtie kitu mdomoni, na mmoja wenu akae naye mpaka azinduke. Kisha mwendelee na sala, na chai mnywe pamoja.