Kabla Mtu Hajaambiwa Aache Dawa

Mada kwa wahudumu wa afya ya jamii, Mashimoni (Kibera) na Kawangware



Swali tunaloulizwa mlangoni ni lile lile: "Dawa ya kumaliza virusi vya UKIMWI kabisa imefika?" Haijafika. Lakini tukiishia hapo, jirani ataenda kutafuta jibu tamu zaidi, na majibu ya aina hiyo Nairobi tumeyaonja. Mwaka 1990 Rais Moi alitangaza dawa ya Kemron, kazi ya watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI. Mwaka 1996 Profesa Arthur Obel akaja na Pearl Omega. Hakuna iliyoponya. Mwaka 2011 ikawa zamu ya kikombe cha dawa cha mzee aliyejulikana kama Babu, huko Loliondo, kwa shilingi 500 za Tanzania, na wapo waliokunywa kisha wakatupa vidonge vyao vya ARV.

Waliopona kweli wapo, ila ni wachache mno. Wa kwanza, Timothy Ray Brown, alikuwa na saratani ya damu. Huko Berlin alipandikizwa uboho wa mtu mwenye hitilafu ya kijeni inayowanyima virusi mlango wa kuingilia kwenye seli. Hitilafu hiyo hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwetu ni nadra sana. Isitoshe, upandikizaji wenyewe unaweza kuua, kwa hiyo mtu anayeendelea vizuri na vidonge hafanyiwi.

Kinachowasumbua watafiti ni maficho. Virusi hujipachika ndani ya vinasaba vya seli za kinga na kutulia humo. Vidonge huvizuia visizaane, lakini hivyo vilivyotulia havivifikii. Ndiyo maana kipimo kinaweza kuonyesha virusi havionekani, na mtu akiacha dawa, kwa kawaida vinarudi baada ya wiki chache.

Hapa ndipo pa kukazia macho. Ili kujua kama tiba mpya imefanya kazi, mara nyingi mshiriki huombwa aache ARV kwa muda, apimwe damu mara kwa mara, na arudishiwe dawa virusi vikipanda. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Mashimoni kuna mama anayeweka pamba kwenye chupa ya vidonge isilie, kwa sababu ukuta ni mabati na jirani ana masikio. Anafua nguo za watu Kilimani. Kila siku ya kliniki ni kibarua kilichopotea. Na virusi vikirudi kabla hajapimwa, mwenzake wa kitandani yumo hatarini, naye hakutia sahihi popote.

Sisemi tukatae utafiti. Tangu miaka ya 1980 wanawake wa Majengo, Pumwani, wamekuwa wakitoa damu yao, na baadhi yao waliokutana na virusi mara nyingi bila kuambukizwa ndio waliochochea chanjo iliyojaribiwa Nairobi mwaka 2001. Chanjo hiyo haikuamsha kinga ya kutosha. Kabla ya hapo ulishazuka mzozo kati ya watafiti wa Nairobi na wa Uingereza kuhusu hataza ya chanjo hiyo. Wanawake wa Majengo, walioleta jambo lote, hawakuwa hata na kiti katika ugomvi huo.

Napendekeza basi: mtafiti akija, tumuulize kwanza mwenzi wa mshiriki atapewa vidonge vya kinga na nani, kuanzia lini, kibarua kilichopotea kitafidiwaje, na usiku wa manane ni simu ya nani itapokelewa. Fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, na mtu asiyelipwa na utafiti huo.