Siku Mbili Katika Mji wa Chuma

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wandugu wa kambi na wa sehemu za mji, hapa Lubumbashi)



Mnajua kwamba sisi makarani wawili tulitumwa India kwa masomo ya hesabu, majuma sita katika mji wa Kolkata. Wengi wametuuliza habari za Kolkata. Hatutasema mengi: ni mji mkubwa, watu wake ni kama mchwa, na pilipili yao inashinda ya kwetu. Neno tunalolileta leo ni la siku mbili tu, siku ya posho na siku ya Mungu, tulizozipitisha katika mji mwingine unaoitwa Jamshedpur. Huo ni mji wa chuma, kama huu wetu ulivyo mji wa shaba.

Tulipanda gari la moshi alfajiri kwenye stesheni ya Howrah. Tunasema gari la moshi kwa mazoea. Moshi hakuna, ni la umeme. Njia ni kilometa 250 hivi, ni kama kwenda Likasi na kurudi, na saa sita za mchana hazijafika tulikuwa tumeshuka. Kabla ya kufika tulipita Ghatsila. Mtu aliyekaa karibu nasi alituonyesha kwa kidole: pale ni nchi ya shaba. Mashimo ya pale yalikuwa ya kampani ya Waingereza mpaka serikali ya India ilipoyachukua mwaka 1972, miaka mitano baada ya serikali yetu kuichukua Union Minière. Tulisimama dirishani kama watu walioona ndugu yao njiani.

Sasa sikilizeni hesabu, maana sisi ni watu wa daftari. Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa tarehe 28 Oktoba 1906. Kampani ya chuma ya Tata iliandikwa tarehe 26 Agosti 1907. Ni tofauti ya miezi kumi. Tanuru la Lubumbashi lilitoa shaba ya kwanza mwaka 1911. La kule lilitoa chuma cha pua mwaka 1912. Mji wetu ulipewa jina la malkia wa Wabelgiji, Elisabethville, ukalichukua mpaka 1966. Mji wao ulipewa mwaka 1919 jina la Jamsetji Tata, Mhindi aliyeota kazi ile akafa mwaka 1904 bila kuiona. Miji hii miwili ni kama watoto wa rika moja.

Lakini angalieni fedha zilikotoka. Wana wa Tata walikwenda kwanza London kutafuta fedha, hawakuzipata kama walivyotaka. Wakarudi Bombay, wakawaita Wahindi wenyewe, na katika majuma matatu watu karibu 8,000 walileta fedha zao. Waingereza walikuwa wangali wanatawala nchi. Uhuru ulikuja mwaka 1947. Fedha za Union Minière zilitoka Société Générale ya Bruxelles na Tanganyika Concessions ya London, na faida ilijua njia ya kurudi kule ilikotoka. Mwaka 2007, kampani ya Tata ilipotimiza miaka mia, ilinunua Corus, ambayo ndani yake mlikuwa na viwanda vikubwa vya chuma vya Uingereza. Mtoto alinunua nyumba ya aliyekuwa bwana wake.

Mji wenyewe una njia pana na miti pande zote mbili. Yule mzee Jamsetji alikuwa amemwandikia mwanawe mwaka 1902 kwamba mji utakapojengwa waache nafasi ya miti, ya mpira, na mahali pa mahekalu, misikiti na makanisa. Kazi ya saa nane kwa siku ilianza kule mwaka 1912. Tuliingia katika bustani kubwa, Jubilee Park, iliyofunguliwa na Nehru mwaka 1958. Siku ya Mungu ilijaa watu na watoto wao, na wauza karanga kama kwetu.

Tulifungua bomba barabarani tukanywa. Mwenzetu aliogopa tumbo. Mtu mmoja akacheka, akanywa mbele yake.

Katika bustani ile tuliketi na mzee mmoja aliyefanya kazi ya tanuru. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na chetu kidogo zaidi, basi tuliandika tarakimu mchangani kwa kijiti. Alituambia kwamba naye alitolewa kazini kabla ya umri wake, kwa sababu mitambo mipya haikutaka watu wengi. Maelfu walitolewa kama yeye. Tukamwuliza: ulipewa kiasi gani? Hakutuelewa. Aliandika mshahara wa mwezi, kisha akachora mstari mrefu mpaka mwaka wa kustaafu. Mshahara wake wa msingi uliendelea kulipwa kila mwezi mpaka umri ule ulipotimia.

Wandugu, tulinyamaza. Ninyi mnajua mwaka 2003. Zaidi ya watu 10,000 wa Gécamines walitoka kwa mpango ule ulioitwa wa hiari, fedha zikatoka Benki ya Dunia, zikatolewa mara moja, na mlango ukafungwa. Wengine walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Wako hapa leo. Tukamchorea mzee nukta moja tu mchangani, badala ya mstari. Aliitazama akatikisa kichwa.

Tusiwadanganye kwamba tumeona mbinguni. Mshahara ule na saa zile havikuanguka kama mvua. Wafanyakazi wa kule waligoma mwaka 1920, wakagoma 1922, wakagoma tena 1928, na mwaka huo Subhas Chandra Bose ndiye aliyewaongoza. Gandhi mwenyewe alifika mwaka 1925 kwa ajili ya chama chao. Nasi tuna tarehe yetu: 9 Desemba 1941, wakati vita vilipopandisha bei na wafanyakazi wakaomba nyongeza, askari walifyatua risasi kwenye uwanja wa mpira hapa Lubumbashi. Léonard Mpoyi aliyeuawa siku ile alikuwa karani kama sisi. Tunapokaa mezani na kalamu tunamkumbuka.

Tena, ardhi ile ilikuwa na wenyewe: Wasantal, Waho, Wamunda. Chuma kinachimbwa katika milima yao, na wengi wao ni maskini hata leo. Tarehe 2 Januari 2006, huko Kalinganagar katika jimbo la Odisha, watu wa makabila hayo walikataa ukuta wa kiwanda kipya cha Tata, polisi wakapiga risasi, wakafa zaidi ya kumi. Mwenye kampani akiwa mtu wa nchi, risasi haipungui uzito.

Na jambo jingine tuliliona jioni. Ng'ambo ya mto Subarnarekha kuna sehemu iitwayo Mango. Haimo katika mji wa kampani. Tulivuka daraja kwa miguu tukakuta mama na vijana wamepanga ndoo wakingoja gari la maji. Daraja moja tu! Tukauliza, nani anaamua bomba liishie wapi? Upande wa kampani ni kampani yenyewe. Katika miaka zaidi ya mia, raia wa upande ule hawajapata baraza la mji walilolichagua wenyewe. Maji yao ni mazuri, lakini ni zawadi.

Hapo tulikumbuka kambi zetu. Baba zetu walipewa nyumba, maji, hospitali, masomo ya watoto, na posho ambayo hata leo siku yake inaitwa hivyo ingawa magunia hayapo tena. Hakuna aliyepiga kura juu ya bomba lolote. Shaba ya Gécamines ilipita tani 470,000 mwaka 1986. Shimo la Kamoto likaanguka mwaka 1990. Na kampani ilipodhoofika, mabomba yalikauka pamoja nayo. Hatukuwa na karatasi mkononi ya kudai, kwa kuwa zawadi haina karatasi.

Kwa hiyo tumeleta daftari. Liko mezani kwa katibu. Kila mwenye nyumba isiyo na maji aandike njia, namba ya nyumba, na mwezi ambao bomba lilikauka. Msiandike matusi, andikeni tarehe. Wa kambi waanze, kisha wa Kenya na Katuba. Asiyejua kuandika aje kwetu, tutamwandikia, na tutamsomea tulichoandika kabla hajaweka kidole.