Siku za Ulaini

Katika ziwa la Naivasha wako kamba wa maji baridi, wenye magando mawili, walioletwa huko mwaka 1970. Gamba la kamba halikui pamoja na mwili wake. Hana budi kulivua kila anapokua. Kabla ya kujivua huweka tumboni vijiwe viwili vya chokaa, akiba ya kuimarishia gamba jipya. Akishajivua huwa laini kabisa. Hujificha shimoni, maana hata kamba wenzake waweza kumla.

Huko New South Wales, Australia, mvuvi akimshika kamba jike wa mtoni mwenye mayai, sheria yamwamuru amrudishe majini mara moja. Si kila tunayeweza kumkamata yafaa tumkamate.

Nasi je? Kanisani mwetu wako waliovua maisha ya kale juzi tu: aliyeacha pombe, aliyetubu mbele ya ushirika. Bado ni laini. Mara nyingi wanaomrarua kwa maneno si watu wa nje, ni sisi wenzake. Paulo aliwaagiza Wagalatia wamrejeshe aliyeanguka kwa upole. Juma hili tumtembelee mmoja wao, wala tusimwulize ya zamani.