Kusikiliza Kabla ya Kuhukumu

(Hotuba iliyotolewa msikitini baada ya Sala ya Alasiri)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Mtukufu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zangu wapenzi, nimeombwa nieleze niliyoyapata katika masomo ya uzamili ya dini na ushauri wa familia. Nilisoma Marekani, katika chuo cha Hartford Seminary, ambacho tangu mwaka 2021 kinaitwa Hartford International University for Religion and Peace. Chuo hicho kiliasisiwa na Wakristo katika karne ya 19, na mwaka 2000 kilianzisha mafunzo ya kuwaandaa Waislamu kutoa huduma ya kiroho hospitalini, magerezani na vyuoni.

Somo zito kuliko yote halikuwa la vitabuni. Tulipelekwa hospitalini kukaa na wagonjwa na jamaa zao. Utaratibu huo ulianza mwaka 1925 kwa mchungaji Anton Boisen, katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Worcester, naye mwenyewe alikuwa amewahi kuugua maradhi hayo. Mwanafunzi huzungumza na mgonjwa, kisha huandika mazungumzo neno kwa neno kadiri anavyokumbuka, bila kutaja jina, na kuyasoma mbele ya mwalimu na wenzake. Hapo hudhihirika nani alisikiliza, na nani alikimbilia kutoa mawaidha.

Nilipoyapima hayo kwa mizani ya dini yetu, niliona kuwa si mageni. Khawla binti Tha'laba (r.a.) alipokuja kumshtakia mumewe aliyemfananisha na mgongo wa mama yake, Mwenyezi Mungu aliyasikia mashtaka yake na kuteremsha hukumu katika Suratul Mujaadila. Tena Barira (r.a.) alipopata uhuru akamwacha mumewe Mughith, Mtume (s.a.w.) alimshauri amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa ni uombezi tu. Alipokataa, hakulazimishwa. Ikiwa Mtume wa Mungu alitenganisha ushauri na amri, sisi ni nani tuvichanganye?

Ndugu zangu, tazameni ilivyo kwetu. Mke huja analia, na kabla hajamaliza anaambiwa arudi akasubiri. Mume huja na uchungu wake, akaambiwa kuwa mwanamume halalamiki. Qurani Tukufu, katika Suratun Nisaa aya ya 35, imeagiza mwamuzi mmoja kutoka upande wa mume na mmoja kutoka upande wa mke, ili pande zote zisikilizwe. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kwa kawaida, hutaka shauri lipite kwanza Baraza la Usuluhishi kabla ya talaka kuombwa mahakamani. Lakini baraza lisilosikiliza litasuluhisha nini?

Kwa hiyo napendekeza kila msikiti uchague mwanamume na mwanamke waaminifu, wafundishwe mambo matatu: kusikiliza bila kukatiza, kutunza siri, na kuijua mipaka yao. Anayepigwa apate usalama kwanza, kisha ndipo suluhu izungumzwe. Mwenye maradhi ya akili apelekwe kwa tabibu, huku tukimwombea dua. Subira ni ibada, lakini isifanywe pazia la kufunika dhuluma.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu, mapenzi na huruma. Amin.

Wassalaamu Alaykum Warahmatullahi Wabarakaatuh.