Kusafisha Kopo la Maji ya Rejeta
Kopo la plastiki la maji ya akiba ya rejeta, ambalo katika gari kuukuu hugandwa na kutu na mabaki ya kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, hufunguliwa injini ikiwa imepoa kabisa, kwani maji yenye shinikizo huruka na kuunguza. Likishang'olewa, hutiwa maji vuguvugu, sabuni ya vyombo na konzi ya mchele mbichi, hutikiswa ili punje zikwangue pembe zisizofikiwa na brashi, kisha husuuzwa isibaki hata punje moja. Rangi ya njano iliyoletwa na joto la miaka mingi haitoki. Kuisugua ni kazi bure. Kulanti iliyomwagwa, ambayo aina zake nyingi ni tamu lakini ni sumu, isiachwe mahali ambapo mtoto au mbwa ataifikia.